Zimamoto ya Los Angeles: futi 200 wanakagua wao, futi 5 umeachiwa wewe

Jiji la Los Angeles lina milima tumboni. Safu ya Santa Monica inalikata kutoka Griffith Park hadi Bahari ya Pasifiki, na kwenye miteremko yake nyumba zimebanana na chaparali, vichaka vigumu vya majani yenye mafuta ambavyo ikifika Septemba vimekauka kiasi cha kuvunjika mkononi. Halafu unakuja upepo wa Santa Ana, unaoshuka kutoka majangwa ya ndani huku ukizidi kukauka na kupata joto kadiri unavyoteremka, na kuusukuma moto kuelekea baharini. Idara ya Zimamoto ya jiji hilo, LAFD, ndiyo inayoishi na hesabu hiyo. Ilianza kazi kama idara ya askari wa kulipwa mwaka 1886, leo ina vituo zaidi ya 100 vinavyohudumia watu karibu milioni 4, na sehemu kubwa ya simu inazopokea si za moto hata kidogo, ni za wagonjwa.

Hapa hatupimi magari wala ushujaa. Tunapima huduma ambazo mkaazi anakutana nazo kabla moshi haujaonekana: ukaguzi wa vichaka, marufuku ya kuegesha siku za upepo, mafunzo ya CERT (vikundi vya raia wanaofundishwa kuokoana kwenye maafa), tahadhari za kuhama, ving'ora vya moshi, na hata viroba vya mchanga. Nyingi ni bure. Baadhi ni bora kuliko wakaazi wenyewe wanavyojua. Ila ile kubwa kuliko zote ina tundu, na tundu lenyewe liko pale pale cheche zinapopenda kuingia.

Tuanze na hiyo kubwa. Novemba 1961 moto wa Bel Air uliteketeza nyumba 484, na tangu hapo jiji likaanza kuwabana wenye ardhi juu ya vichaka vyao. Kanuni ya sasa ni kali kuliko ya jimbo: sheria ya California inadai nafasi ya ulinzi ya futi 100 kuzunguka jengo, Los Angeles inadai futi 200, yaani kama mita 60. Na hapa wengi hujikwaa. Futi hizo hazikomi kwenye mpaka wa kiwanja chako. Kama ardhi yako ni tupu kabisa, haina hata kibanda, lakini nyumba ya jirani iko futi 150 kutoka kwenye mpaka, basi ule ukanda wa futi 50 ulio upande wako ni wajibu wako kuufyeka. Wenye viwanja visivyojengwa ndio hushangaa zaidi bili ikiwafikia.

Vipimo vyenyewe viko wazi, na hilo ni jambo la kusifu kwa sababu idara nyingi hutoa maneno ya jumla kama "punguza mimea". LAFD inataka nyasi zisizidi inchi 3. Vichaka vya asili navyo vishushwe hadi inchi 3, isipokuwa ukiviacha kimoja kimoja, kila kimoja mbali na mwenzake kwa futi 18 au zaidi, matawi ya chini yakiwa yamepogolewa hadi theluthi ya urefu wake na kila kilichokauka kikiwa kimetolewa. Mti unaozidi futi 18 upogolewe usiwe na majani chini ya futi 6 kutoka ardhini. Ulio mfupi zaidi, theluthi ya urefu. Tawi lisikaribie mdomo wa bomba la moshi kwa chini ya futi 10. Pembeni mwa barabara na uzio unaoweza kuungua, safisha futi 10. Bomba la zimamoto la barabarani liachiwe nafasi pande zote, maana askari anayelitafuta gizani, moshi ukiwa umetanda, hana muda wa kupapasa ndani ya waridi zako.

Sababu ya ile theluthi na zile futi 6 ni moja. Moto wa nyasi fupi hupita chini, mwali wake ni mdogo na mara nyingi mtu mwenye mpira wa maji anauweza. Ukikuta kichaka kilichogusa nyasi, unapanda. Ukikuta kichaka kimesimama chini ya tawi la mti, unapanda tena. Wataalamu wanaiita ngazi, na jina limekaa mahali pake: toa kipago kimoja tu na moto unabaki chini. Ndiyo maana mkaguzi atakuandikia kosa kwa mwaloni mmoja uliofunga sketi ya majani hadi chini, akauacha mwaloni mwingine mkubwa zaidi uliopogolewa vizuri. Hajapendelea. Mwaloni mbichi uliopogolewa hauwaki kwa urahisi, na kwenye upepo hunasa cheche nyingi kabla hazijafika kwenye paa. Zaidi ya hapo, mialoni ya asili inalindwa na sheria ya jiji. Anayeing'oa bila kibali kwa kisingizio cha moto anajitafutia kesi nyingine.

Ukaguzi huanza karibu na mwezi Mei. Ukishindwa, unapewa muda na mkaguzi anarudi. Ukishindwa tena, jiji linaleta mkandarasi wake, anafyeka, na gharama inawekwa kwenye bili ya kodi ya nyumba pamoja na ada ya usimamizi, ambayo peke yake inauma kuliko kumlipa fundi wako mwenyewe. Kosa la kawaida ni kufyeka mapema mno. Ukifyeka Machi baada ya mvua za majira ya baridi, nyasi zinaota upya Aprili, na Mei mkaguzi anakuta nyasi za inchi 8. Bora kufyeka mara mbili: mkato mzito mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na wa kusafisha ukikaribia ukaguzi. Na wajibu ni wa mwaka mzima, haufutwi na tiki ya Mei. Upepo mbaya huja kati ya Oktoba na Januari, wakati ile tiki imeshazeeka.

Kuna jambo ambalo idara imelifanya vizuri kuliko majiji mengi, nalo ni kanuni za ufyekaji wenyewe. Mashine ya kufyekea ikigonga jiwe kwa kisu cha chuma hutoa cheche, na mioto kadhaa imeanzishwa na watu waliokuwa wakijaribu kuizuia. Kwa hiyo Los Angeles inapiga marufuku ufyekaji wa mashine siku za Bendera Nyekundu, yaani siku zilizotangaziwa hatari kubwa ya moto kwa sababu ya upepo na ukavu, na siku nyingine visu vya chuma vitumike vile tu visivyotoa cheche. Uzi wa nailoni ni salama zaidi kwenye nyasi, ingawa kwenye vichaka vigumu utakatika na kukuchosha. Mpira wa maji wenye maji tayari hadi kwenye bomba lake la mdomo, au mtungi wa kuzimia moto, uwe ndani ya futi 10 kutoka pale unapofyeka. Mpira uliokunjwa karakana hauhesabiki. Simu iwe na chaji. Moto wowote, hata wa ukubwa wa sahani uliouzima mwenyewe, uripotiwe kwa namba ya dharura, 911. Kazi ikiisha, tembea eneo lote kwa dakika 3 au zaidi ukitafuta moshi, na mashine iliyo ya moto usiiweke juu ya majani makavu. Sisi tungeongeza: anza asubuhi mapema, ukifika saa nne weka chini. Umande umekauka, upepo umeamka.

Hadi hapo, alama za juu. Sasa lile tundu.

Nyumba nyingi zinazoteketea kwenye moto wa nyika haziunguzwi na ukuta wa miali unaokuja kutoka mlimani. Zinaunguzwa na cheche, vipande vya gome na majani vinavyowaka, vinavyorushwa na upepo mamia ya mita mbele ya moto na wakati mwingine zaidi. Vinatua kama mvua ya mawe. Vinajikusanya pale pale upepo unapokusanyia takataka siku za kawaida: kwenye pembe ya ukuta na ardhi, kwenye gata, chini ya ngazi za mbao, kwenye zulia la mlangoni. Ukitaka kujua cheche zitatua wapi nyumbani kwako, tazama majani makavu yamejikusanya wapi leo asubuhi. Hakuna ramani iliyo sahihi kuliko hiyo.

Kanuni ya vichaka ya jiji haikuandikwa kwa adui huyo. Inaruhusu mimea uliyoikata isagwe na kutandazwa tena kwenye kiwanja kama matandazo, kwa kina cha hadi inchi 3 ndani ya futi 30 kutoka kwenye jengo, na hadi inchi 6 kupita hapo. Soma tena: inchi 3 za vipande vya mbao vikavu, na hakuna umbali wa chini kutoka ukutani. Mwenye nyumba anaweza kufaulu ukaguzi wa futi 200 kwa asilimia mia, akiwa na matandazo yaliyoegemea ukuta wa mbao, kichaka cha mapambo chini ya dirisha na uzio wa mbao uliopigiliwa kwenye nguzo ya baraza. Cheche moja kwenye matandazo hayo haitoi mwali mara moja. Inafukuta. Dakika 20 baadaye gari la zimamoto limeshapita mtaa huo, wenyewe wamehama, na mwali unaanza kulamba ukuta.

Jimbo lilishaliona hilo. Sheria ya AB 3074 ya mwaka 2020 iliagiza futi 5 za kwanza kutoka ukutani ziwe ukanda usioshika cheche, na kanuni za utekelezaji zilitakiwa ziwe tayari mwanzoni mwa 2023. Zikachelewa. Februari 2025, majivu ya Palisades, eneo la jiji lililoteketea mwezi mmoja kabla, yakiwa bado yana joto, gavana akaagiza zisukumwe zimalizike. Ugomvi ulikuwa mkali, hasa juu ya mimea ya kijani na miti mikubwa iliyo karibu na nyumba kwenye viwanja vidogo, na hoja za wakaazi si zote za kubeza. Lakini huhitaji kusubiri kanuni ili kusogeza kuni.

Hivi ndivyo futi 5 hizo zinavyofanyiwa kazi, kwa mpangilio wa faida. Kwanza toa vinavyohamishika: kuni, maboksi, zulia la nyuzi, fagio, viti vya plastiki, mtungi wa gesi wa jiko la kuchomea nyama. Pili ondoa matandazo ya mbao, weka kokoto au zege. Tatu kata uzio: si lazima ubomoe wote, badilisha zile futi 5 za mwisho zinazogusa nyumba ziwe za chuma, maana uzio wa mbao ni utambi, moto ukiushika mwisho mmoja unaufuata hadi ukutani kwako. Nne, panda ngazi. Gata zisafishwe, na ukizifunika, kifuniko kiwe cha chuma. Cha plastiki kinayeyuka kikaanguka chini kikiwa kinawaka, na hapo umejiletea tatizo la pili.

Tano ni matundu ya hewa, na hapa tukae kidogo. Dari ya nyumba na nafasi iliyo chini ya sakafu hupumua kupitia matundu yaliyofungwa wavu. Nyumba za zamani zina wavu wenye tundu la robo inchi, uliowekwa kuzuia panya na ndege. Cheche inapita humo bila kubisha hodi, inatua kwenye vumbi, karatasi na magunia ya sufi ya kuzuia joto, na nyumba inaungua kuanzia ndani huku nje ikiwa safi. Majirani huona moshi ukitoka kwenye upenu na kudhani paa limeshika. Kanuni za ujenzi za California kwa maeneo ya hatari, zinazotumika kwa nyumba mpya tangu 2008, zinataka wavu usioungua wenye tundu lisilozidi sehemu ya nane ya inchi, kama milimita 3, na lisilopungua sehemu ya kumi na sita. Ukinunua wavu wa aina hiyo, chagua wa chuma kisichoshika kutu, ukate upana zaidi ya tundu kwa inchi moja kila upande, na uukaze kwa skrubu zenye washa, vile vipete bapa vya chuma. Gundi haifai, joto linaiachisha. Usiupake rangi. Rangi inaziba vitundu, dari inakosa hewa, na baada ya misimu miwili mbao zinaanza kuoza. Kila mwaka upige brashi, vumbi lisizibe. Kuna matundu ya kiwandani yanayojifunga yenyewe yakipata joto. Ni ghali zaidi, na ni bora zaidi.

Kwa nini tunailaumu zimamoto kwa jambo ambalo ni la kanuni za ujenzi? Kwa sababu mkaguzi wa vichaka ndiye mtumishi wa serikali pekee anayefika kwenye nyumba hizo kila mwaka. Anatazama mteremko, anatia tiki, anaondoka. Dakika 5 zaidi za kuzunguka ukuta na karatasi moja ya ushauri zingekuwa na faida kuliko inchi zote za nyasi zilizoko futi ya 180. Tangu Oktoba 2022 hata kampuni za bima za California zinatakiwa kutoa punguzo kwa anayekamilisha kazi kama ukanda wa futi 5, matundu yanayozuia cheche na paa la daraja A, lile linalostahimili moto zaidi. Sababu ya mwenye nyumba kusikiliza ipo tayari, ya mfukoni.

Tukio la Januari 7, 2025 limeipa kila huduma ya idara hii mtihani wake. Moto wa Palisades uliunguza ekari 23,448, ukaharibu majengo zaidi ya 6,800 na kuua watu 12. Wachunguzi wa serikali kuu walieleza Oktoba mwaka huo kwamba ulikuwa ni mwendelezo wa moto mdogo wa Januari mosi, uliozimwa juu lakini ukabaki ukifukuta kwenye mizizi chini ya udongo hadi upepo ulipokuja kuufukua. Kwa mtu wa nyumbani funzo ni la jembe: majivu ya mlima hayapoi kwa kumwagiwa maji juu juu. Unachimba, unamwaga, unakoroga, unaweka kiganja karibu bila kugusa, na kama kuna joto unarudia.

Januari 7 hiyo hiyo ilionyesha mipaka ya mpango ambao kwa kweli tunaupenda, wa marufuku ya kuegesha. Mitaa ya milimani imejaa kona, na baadhi ni myembamba kiasi kwamba magari mawili yakiegeshwa pande mbili, gari la zimamoto halipiti. Idara imeweka vibao kwenye mitaa hiyo. Upepo ukitarajiwa kufika maili 25 kwa saa na unyevu wa hewa kushuka hadi asilimia 15 au chini, inatangaza siku ya marufuku, na gari lililoachwa penye kibao linapigwa faini na kukokotwa. Hakuna mjadala wala "nilikuwa naingia mara moja". Ni mpango rahisi, rahisi kuelewa, unaotekelezwa kweli. Tungeupa 8 kati ya 10. Mbili zilizobaki ni hizi: unagusa tu mitaa yenye vibao, na hauwezi kitu kwa magari yaliyo kwenye foleni. Pale Palisades watu walikwama karibu na Sunset Boulevard, wakaacha magari wakakimbia kwa miguu, na ikabidi trekta la blade liletwe kuyasukuma kando ili magari ya zimamoto yapite.

Dawa ya foleni si askari, ni saa ya kuondoka. California ina lugha ya aina mbili: tahadhari ya kuhama maana yake hatari inakuja, jiandae, na wenye wazee, watoto, wagonjwa au farasi waondoke sasa, amri ya kuhama maana yake ondoka, na eneo linafungwa. Anayeishi kwenye mtaa wenye mlango mmoja wa kutokea aihesabu tahadhari kama amri. Ujumbe wenyewe unakuja kupitia NotifyLA, mfumo wa jiji wa kutuma tahadhari, ambao lazima ujiandikishe, na kupitia simu zote za eneo kwa mkupuo. Usitegemee njia moja. Januari 9, 2025 ujumbe wa kuhama uliokusudiwa mtaa mmoja ulitumwa kimakosa kwa wakaazi karibu milioni 10 wa kaunti nzima. Haukuwa wa LAFD, ila watu waliozima arifa kwa hasira baada ya hapo hawakuuliza ulikuwa wa nani. Ijue namba ya ukanda wako wa kuhama kabla, uiandike kwenye mlango wa friji. Matangazo husomwa kwa namba za kanda, si kwa majina ya mitaa.

Kijitabu cha idara cha Ready, Set, Go! ni kizuri, hasa orodha ya dakika za mwisho, na ukikisoma utajua kimeandikwa na watu waliowahi kuingia kwenye nyumba zilizotelekezwa. Funga madirisha na milango yote, ya ndani pia, ila usitie kufuli. Makochi yaletwe katikati ya chumba, mbali na vioo, maana joto hupita kwenye kioo na kuwasha pazia hata kabla kioo hakijapasuka. Taa ziachwe zinawaka ili nyumba ionekane ndani ya moshi. Gari ligeuzwe, lielekee barabarani. Vaa pamba au sufu, mikono mirefu. Nailoni inayeyukia mwilini. Jifunze mapema kuachanisha mota ya geti la karakana kwa ile kamba nyekundu, kwa sababu umeme ukikatika mlango mzito haufunguki na wenye nguvu kidogo hunasa. Mota zinazouzwa California tangu Julai 2019 lazima ziwe na betri ya akiba, lakini ya kwako huenda ni ya zamani, na hata betri huchoka.

Kisha ile ambayo watu hawapendi kuisikia: usiache mpira wa maji unamwagilia paa ukiondoka. Maji ya milimani hupandishwa kwa pampu hadi kwenye matangi, na presha inatoka humo. Pale Palisades matangi matatu, kila moja la galoni milioni 1, yalikuwa yamekauka kabla ya alfajiri ya Januari 8, na hifadhi ya Santa Ynez ilikuwa tupu kwa matengenezo. Hilo ni la idara ya maji, si la zimamoto. Kila mpira ulioachwa wazi, na kila bomba lililopasuka kwenye nyumba iliyoanguka, vilinyonya tangi lile lile.

CERT ndiyo bidhaa bora ya idara hii, na wala haikuanzishwa kwa ajili ya nyika. Wazo lilizaliwa LAFD mwaka 1985. Tetemeko la Mexico City la Septemba mwaka huo lilitoa picha chungu: raia wa kawaida waliokoa watu zaidi ya 800, na zaidi ya 100 kati ya waokoaji hao wakafa, kwa kuwa walikuwa na moyo bila mafunzo. Kundi la kwanza lilifundishwa 1986, tetemeko la Whittier Narrows, karibu na Los Angeles, la 1987 likaongeza hamu, na kuanzia 1993 serikali kuu ikaueneza mpango huo nchi nzima. Mafunzo ya msingi ya LAFD ni saa 17.5, kwa kawaida vipindi saba vya saa mbili na nusu, bure, na wanaofundisha ni askari wenyewe.

Unachopata ni vitu vya mkono. Mtungi wa kuzimia moto: vuta pini, elekeza kwenye shina la moto, bana, fagia kushoto na kulia. Mtungi wa nyumbani unaisha kwa sekunde 10 hadi 15 tu, kwa hiyo wanakufundisha kipimo cha sekunde 5: kama moto haujapungua ndani ya muda huo, acha, toka. Mlango uwe nyuma yako daima. Koki ya gesi: spana ya inchi 12, robo zamu, hadi kichwa cha koki kikae msalaba na bomba. Funga tu kama unasikia harufu, unasikia mluzi, au mita inazunguka kwa kasi, na ukishafunga usifungue mwenyewe. Fundi wa kampuni ya gesi ndiye anayerudisha, baada ya kukagua kila jiko. Tetemeko likipita, watu hufunga gesi za mtaa mzima bila sababu, kisha wanakaa wiki nzima bila maji ya moto wakisubiri fundi.

Zoezi la kifusi ndilo linalokumbukwa zaidi. Mtaimbo unainua zege inchi moja, mwenzako anasukuma kipande cha mbao, unainua inchi nyingine, anasukuma kingine, mbao zinapangwa kwa kupishana kama kibanda cha kuni. Anayejaribu kuinua futi nzima kwa mkupuo anaona mtaimbo ukiteleza na zege likirudi pale pale lilipokuwa, juu ya mguu. Udhaifu wa CERT ni mmoja: ujuzi huo unafifia, na vyeti havifanyi mazoezi. Mwenye cheti cha miaka sita iliyopita ambaye hajawahi kurudi kwenye mazoezi ya kujikumbusha ni raia wa kawaida mwenye helmeti ya kijani.

Ving'ora vya moshi tutaviongelea kwa kifupi. Kimoja kila chumba cha kulala, kimoja nje ya vyumba hivyo, kimoja kila ghorofa. Darini, au ukutani ndani ya inchi 12 kutoka darini. Futi 10 kutoka kwenye jiko ili chapati isikufanye utoe betri. Bonyeza kila mwezi. Nyuma yake kuna tarehe ya kutengenezwa, na miaka 10 ikipita tupa, hata kama bado kinalia. Kinacholia kwa kitufe kimethibitisha kwamba betri na spika ni nzima. Hakijathibitisha kwamba bado kinanusa.

Na viroba. Mlima ulioungua hauna mizizi ya kushika udongo, na joto huacha tabaka linalokataa maji, hivyo mvua ya kwanza baada ya moto huteremsha tope lenye mawe. Vituo vya LAFD hutoa viroba vitupu bure, hadi 25 kwa kaya. Jaza nusu tu, usifunge kamba: kunja mdomo, ulaze kwa chini, uelekee maji yanakotoka, kiroba kinachofuata kikalie mkunjo huo. Safu ya pili ipishane na ya kwanza kama matofali, na kila kiroba kikanyagwe kikae bapa. Kiroba kilichojazwa pomoni kinakuwa duara, na maji yanapita pembeni yake. Viroba vinageuza njia ya tope dogo. Havizuii mto, na havizibi maji kabisa. Mchanga haupo kila kituo, kwa hiyo uliza kituo cha jirani kabla hujapakia koleo kwenye gari.